Kitulo kwa miguu: uzoefu wangu wa msimu wa maua

Anayekwenda Kitulo akitafuta simba na tembo atarudi amekasirika. Hii ni hifadhi ya maua. Ilitangazwa rasmi mwaka 2005, na katika ukanda wa tropiki barani Afrika ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ni uwanda wa nyasi wa takriban kilomita za mraba 413, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, uliozungukwa na safu za Kipengere, Uporoto na Livingstone, upande wa Makete na Mbeya, kusini mwa Tanzania. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Kwa mtu anayependa kutembea, mimi naipa alama zote, kwa sharti moja tu: aende wakati wa mvua, na aende amejiandaa kwa mvua.

Sharti hilo ndilo wengi wanalikwepa. Wanauliza kiangazi ni lini, wanakwenda Julai, wanakuta ukungu, baridi ya kuuma vidole na umande ulioganda juu ya nyasi asubuhi, kisha wanasema Kitulo hakuna kitu. Septemba hadi Novemba kuna jua na njia ni kavu, kwa hiyo anayetaka kufanya mazoezi ya kupanda vilima tu atafurahia miezi hiyo. Lakini maua yanachanua kwa wingi Desemba hadi Aprili. Okidi (orchids) za uwandani zinalala ardhini kama viazi msimu wote wa kiangazi, na ni mvua inayoziamsha. Ukiikimbia mvua umeyakimbia maua. Mimi nachagua Februari, na kama una nafasi ya kwenda mara mbili, tenganisha safari kwa mwezi mmoja au zaidi, kwa sababu aina zinapokezana na uwanda unabadilika rangi.

Kufika. Kutoka Mbeya unafuata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Chimala, kilomita 78 hivi, kisha unakata kusini kupanda mlima kwa barabara iitwayo Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Juu yake ndiko Matamba. Barabara hii ni ya vumbi na mawe, na mvua ikinyesha udongo wake unateleza kama sabuni. Gari liwe la juu na magurudumu yote manne yavute. Panda kwa gia nzito tangu chini, usisubiri injini ianze kulalamika katikati ya kona. Kushuka ndiko kunakoharibu magari: dereva anakanyaga breki kona baada ya kona, breki zinapata moto, zinaanza kunuka, kisha kanyagio linazama bila gari kushika. Shuka kwa gia ya kwanza au ya pili, acha injini ilizuie gari, na breki uiguse kwa kukanyaga na kuachia. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha palipo tambarare, weka jiwe mbele ya tairi na usubiri zipoe zenyewe, usimwagie maji. Mafuta jaza Chimala.

Asiye na gari anaweza kupanda basi dogo kutoka Mbeya hadi Chimala, kisha akatafuta gari la Matamba. Fika Chimala asubuhi. Njia nyingine inapitia Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, nayo inakuingiza uwandani kwa upande wa magharibi. Mvua ikiwa kubwa, uliza hali ya njia zote mbili siku hiyohiyo kabla ya kuchagua.

Malazi sitayasemea sana. Kuna nyumba za kawaida za wageni Matamba, na kuna kupiga hema. Kwa hema, beba mfuko wa kulalia unaohimili angalau nyuzi sifuri na mkeka wa sponji chini yake, maana baridi ya usiku inatoka ardhini zaidi kuliko hewani. Malipo ya kuingia hayafanywi kwa noti langoni. Ni kwa kadi au kwa namba ya malipo unayopewa. Shughulikia hilo ukiwa bado sehemu yenye mtandao mzuri, na Mtanzania asisahau kitambulisho, vinginevyo atashindwa kuthibitisha kwamba anastahili kiwango cha wazawa.

Sasa mwinuko. Kwenye mita 2,600 kila pumzi inakupa karibu robo tatu tu ya oksijeni unayopata pwani. Mtu mzima wa afya atahisi kichwa kizito siku ya kwanza na atahema kwenye kilima kidogo. Aliyetoka Dar es Salaam jana asipange matembezi marefu leo. Lala Matamba, kunywa maji, kesho yake tembea kwa muda wa saa tatu au nne, na kilele ukiache siku ya tatu. Joto nalo linapungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo usidanganywe na jua la Chimala. Jua lenyewe la juu linaunguza hata pakiwa na mawingu: kofia pana, na mafuta ya kukinga jua shingoni na masikioni.

Nguo ndizo zinazoamua kama siku itakuwa nzuri. Jinzi na fulana za pamba ziache. Zikilowa hazikauki, zinavuta joto la mwili, na upepo wa uwandani unamalizia kazi. Ndani vaa nguo nyepesi ya polyester au sufu, katikati sweta zito, juu koti la mvua lenye kofia, na suruali ya mvua. Soksi pea mbili, pea ya pili ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Viatu viwe buti za kufunika kifundo, na si kwa sababu ya mawe: ndani ya nyasi ndefu kuna mashimo ya muhanga, mnyama anayechimba kutafuta mchwa, ambayo huyaoni mpaka mguu umeingia. Fimbo moja ya kupapasa mbele inatosha kuokoa kifundo. Gambuti zinafaa kwenye mabonde yenye majimaji tu; kwenye miteremko zinachubua kisigino.

Matembezi yenyewe hayafanani na kupanda Kilimanjaro. Hapa mahali pengi huna njia moja ya kufuata, unakata uwanda wazi, unashuka kijito, unapanda kilima. Ndiyo maana nashauri uchukue mwongozaji, hata kama una ramani kwenye simu. Anajua bonde lipi lina tope la magotini na kilima kipi kimechanua wiki hii, na hilo la pili ramani haiwezi kukuambia. Kilomita 10 kwa siku zinatosha kabisa. Anayetaka kilele apande Mtorwi, mita 2,961. Kwa kuwa unaanzia juu, kupanda kwenyewe si kwingi, ila upepo wa kileleni unahitaji glavu.

Kitulo ina zaidi ya aina 350 za mimea, na kati yake aina 45 ni okidi za ardhini. Kwa mbali utaona Kniphofia, vishada vya njano na rangi ya moto vilivyosimama kwenye majimaji, na lobelia kubwa. Okidi zinataka upige magoti. Anza kwa kutazama mgongo wa ua moja moja. Likiwa na vijimkia viwili vinavyoning'inia nyuma, hiyo ni Satyrium. Likiwa na kofia juu, na kijimkia kimoja kinachotoka kwenye kofia hiyo, ni Disa. Kijimkia kimoja kirefu chembamba kinachotoka chini, kwenye mdomo wa ua, na maua yenyewe ya kijani au meupe, mara nyingi ni Habenaria. Ndani ya kijimkia ndimo ulimo utamu wa mdudu, na urefu wake unaendana na ulimi wa mdudu anayelihudumia ua hilo. Ukishika alama hizi tatu, saa ya kwanza tu utaanza kuzitenganisha mwenyewe, na uwanda uliouona kama nyasi unakuwa kitu kingine. Beba lenzi ndogo ya kukuza mara 10. Kwa picha, piga asubuhi kabla upepo haujaamka, ziba jua kwa mwili wako, na uweke goti kwenye nyasi tupu baada ya kukagua kwanza. Miche isiyochanua ni majani mawili matatu tu yaliyolala chini.

Usichimbe hata mmoja. Okidi hizi zina viazi viwili: kimoja kimesinyaa, cha mwaka huu, kingine ni kigumu, kimejaa, cha mwaka ujao. Mchimbaji anataka hicho kigumu, na akikitoa mmea umekwisha. Viazi hivyo vilichimbwa kwa wingi na kuuzwa Zambia, ambako vinapikwa chakula kiitwacho chikanda, na uchimbaji huo ni moja ya sababu za uwanda huu kulindwa. Ukikuta vishimo vidogo vingi vimepangana mahali pamoja, mwonyeshe askari wa hifadhi.

Inua macho pia. Mbayuwayu buluu, ndege aliye hatarini kutoweka duniani, anazaliana hapa wakati wa mvua, na kiota chake anakijenga ndani ya mashimo ya ardhini, mengine yakiwa hayohayo ya muhanga. Ukiona ndege mdogo wa buluu iliyokolea, mwenye mkia mrefu uliogawanyika, anaingia na kutoka shimo moja, rudi nyuma hatua nyingi na utumie darubini. Ukisimama pale mdomoni, mzazi hataingia kulisha.

Hali ya hewa ndiyo hatari halisi ya Kitulo. Asubuhi inafunguka vizuri, mawingu yanajikusanya kuelekea adhuhuri, alasiri mvua na radi. Uwandani hakuna mti, kwa hiyo kitu kirefu ni wewe. Ondoka saa 12 asubuhi na upange kuwa umeshuka kwenye vilima ifikapo saa 6 mchana. Ukiona mwanga wa radi, hesabu hadi usikie mngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita moja. Chini ya sekunde 30, acha kilele, shuka bondeni, kaeni mbalimbali, wekeni mbali fimbo za chuma na msikae karibu na uzio wa waya. Ikikukuta hapohapo, chuchumaa miguu pamoja, usilale.

Ukungu nao unafunga ghafla, na vilima vyote vinafanana. Kabla ya kuondoka weka alama ya gari kwenye simu na pakua ramani isiyohitaji mtandao. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani baridi inamaliza betri haraka. Ukungu ukishuka, simameni, vaeni kila kitu, subirini kidogo; msifuate kijito mkidhani kitawatoa, vijito vingine vinaishia kwenye tope. Mwenzako akianza kushindwa kufunga kamba za viatu, au maneno yakawa mazito mdomoni, mwili wake umeshapoteza joto kupita kiasi. Mvue nguo zilizolowa, mpe kavu, kinywaji cha moto chenye sukari, na safari iishe hapo.

Maji beba lita 2 kwa mtu. Ya vijito yachemshe kwanza, kwa kuwa pembeni mwa hifadhi kuna malisho ya ng'ombe. Juu hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwa hiyo yaache yatokote dakika 3. Kwa sababu hiyohiyo maharage makavu yatakumalizia gesi. Pika wali au viazi mbatata.

Upande wa magharibi, msitu wa Livingstone ni safari nyingine kabisa: giza, mizizi, utelezi. Humo anaishi kipunji, aina ya kima aliyegunduliwa na wanasayansi mwaka 2003, katika mwinuko wa mita 1,750 hadi 2,450. Kumwona si uhakika hata kwa siku mbili.

Kutoka uwandani watu hushuka kwa miguu hadi Matema, Ziwa Nyasa. Ziwa liko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, yaani unashuka zaidi ya mita 2,000. Magoti ndiyo yanayolia, na kucha za vidole gumba. Kata kucha siku mbili kabla, kaza kamba kwenye kifundo ili mguu usisogee mbele, tumia fimbo mbili, na mzigo usizidi kilo 10. Kuna maandishi ya wageni yanayosema ni nusu siku. Mimi nashauri utenge siku nzima, uanze alfajiri, na uwe umepanga usafiri wa kurudi Mbeya kabla hujaondoka Matamba.