Nililipia msimu mzima kwa ajili ya Wembanyama

Nilijiunga na huduma ya kutazama mechi za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, mtandaoni kwa sababu moja tu: Victor Wembanyama. Kijana huyu Mfaransa alichaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 2023, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya, na San Antonio Spurs, nami sikutaka kumjua kwa vipande vya dakika mbili.

Kilichonikosha ni kitufe cha kupunguza kasi ya picha. Ile mechi dhidi ya Toronto ya Februari 2024, aliyofunga pointi 27, akadaka ribaundi (mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa) 14 na kuzuia mitupo 10, nimeirudia mara nne. Ukiitazama polepole unaona kwamba hana pupa. Anamwacha mpinzani ajione yuko huru, ndipo ule mkono mrefu unapofika.

Na mechi zote zipo, hata za kufungwa, ambazo zilikuwa tele: Spurs walipoteza 60 kati ya 82. Mimi hizo ndizo nazipenda zaidi, maana humo ndimo unamwona kijana anasukumwa chini ya kikapu, anapokonywa mpira, anarudi tena. Alipopewa tuzo ya mchezaji bora chipukizi kwa kura zote, nilipiga makofi peke yangu sebuleni.

Kasoro ni ukurasa wa mwanzo, unaoanika matokeo kabla hujatazama. Inauma sana! Nililalamika, nikaelekezwa kwenye mipangilio pa kuyaficha. Yangekuwa yamefichwa tangu mwanzo.

Picha safi, haikwamikwami. Nimeshalipia msimu mwingine.