NVDA kwa ukaguzi wa nyaraka: nzuri mno, ila usiiache ilivyokuja

Kazi yangu ni kupokea ripoti zilizoandikwa na watu mbalimbali, kuziunganisha ziwe waraka mmoja, na kuhakikisha waraka huo una sura moja kabla haujafika mezani kwa mkurugenzi. Mimi sioni kabisa. Watu huelewa upesi kwamba kisoma skrini kinanisomea maneno. Kinachowatatiza ni nitajuaje kwamba kichwa cha sehemu ya tatu kimekolezwa na cha sehemu ya nne hakikukolezwa, au kwamba aya fulani imebandikwa kutoka kwenye barua pepe ikaja na fonti yake. Naandika haya kwa sababu wasioona wengi tunaambiwa tumpe mwenzetu "aitupie jicho" kazi yetu, ilhali chombo cha kuikagua kimo ndani ya kompyuta zetu.

Chombo chenyewe ni NVDA, kisoma skrini ninachokitumia. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, na James Teh, ambaye naye haoni, akaungana naye. Ni programu huria ya Windows na hailipiwi. Naitumia na Microsoft Word siku nzima, kwa hiyo ninachokipima hapa ni jambo hilo moja tu: mpangilio wa waraka.

Ukiisakinisha na kuiacha ilivyo, NVDA hutaja vichwa, orodha, majedwali, viungo, kurasa na makosa ya tahajia. Jina la fonti, ukubwa wake, herufi zilizokolezwa, rangi na upangaji wa aya haivitaji. Si kasoro. Nani angependa kusoma barua huku akitajiwa fonti kila anapogeuka? Lakini watu wengi huishia hapo, wakaamini kwamba mambo hayo hayasikiki.

Njia ya kwanza ya kuyasikia ni kubonyeza kitufe cha NVDA (yaani kitufe cha kuiamuru, kwa kawaida Insert) pamoja na F. Hapohapo unatajiwa mpangilio wa mahali kishale kilipo: fonti gani, ukubwa gani, imekolezwa au la, aya imekaa kushoto au katikati. Ukibonyeza mara mbili, maelezo hayo yanafunguka kwenye dirisha na unaweza kuyapitia polepole kwa mishale. Kwa swali la papo kwa papo hiyo inatosha. Kwa ripoti ya kurasa nyingi haitoshi, maana inajibu pale tu unapouliza, na kosa kwa kawaida limekaa pale ambapo hukufikiria kuuliza.

Ndiyo maana nasema usiiache ilivyokuja. NVDA inakuruhusu kutengeneza wasifu, yaani seti ya mipangilio unayoiwasha na kuizima utakavyo. Kitufe cha NVDA pamoja na Control na P kinafungua sehemu hiyo. Nimetengeneza wasifu wa ukaguzi, nikaingia kwenye mipangilio ya uundaji wa waraka kwa kitufe cha NVDA, Control na D, nikawasha jina la fonti, ukubwa, sifa za herufi, mtindo, upangaji, ujongezaji wa aya, nafasi kati ya mistari na rangi. Kisha nikaupa wasifu huo mkato wake wa kibodi. Nikisoma kwa ajili ya maana, umezimwa. Nikikagua, nauwasha.

Uzuri wake ni kwamba ukishaanza kusoma, NVDA hutaja mabadiliko tu. Ikishasema Times New Roman, 12, haitarudia mpaka kitu kibadilike. Kwa hiyo ukurasa uliopangwa vizuri unasomeka kama kawaida, na nikisikia "Calibri 11" katikati ya sentensi najua papo hapo maneno yaliyobandikwa yanaanzia wapi, na nikiendelea kusoma nitajua yanaishia wapi. Kuna chaguo la kuifanya itafute mabadiliko yaliyo mbele ya kishale ndani ya mstari uleule. Mwongozo wenyewe unatahadharisha kwamba linaweza kupunguza kasi. Kwa kusoma kawaida lizime, kwa ukaguzi nakushauri uliwashe na uvumilie.

Mfano wa kazini. Kijana mmoja aliniletea faili akasema, "Dada, hii nimeshaipanga yote, wewe ipeleke tu." Nikaingia kwenye hali ya kuvinjari, ambamo herufi hazichapi bali hukurusha kutoka mahali hadi mahali, kwa kitufe cha NVDA na nafasi, nikabonyeza H ili niruke kutoka kichwa hadi kichwa. Nikaambiwa hakuna kichwa kinachofuata. Waraka mzima! Nikashuka mstari kwa mstari na wasifu wa ukaguzi ukiwa umewashwa: herufi nzito, ukubwa 14, mtindo wa kawaida. Yaani alivikuza na kuvikoleza kwa mkono, kwa macho vinaonekana vichwa, lakini Word haivijui. Jedwali la yaliyomo lisingeundwa. Nikamwita, nikamwambia, "Mdogo wangu, vichwa vyako havina mtindo," nikamwonyesha Control, Alt na 1 kwa kichwa cha ngazi ya kwanza, 2 kwa cha ngazi ya pili. Siku hizi faili zake zinakuja safi, na yeye anaona vizuri tu.

Kuna mambo ambayo sikio linayanasa hata bila wasifu. Mtu akisukuma maneno hadi ukurasa mpya kwa kubonyeza Enter mfululizo, NVDA itataja mstari mtupu, mtupu, mtupu. Aliyeweka kichwa katikati kwa kutumia nafasi, ukipita herufi kwa herufi utasikia nafasi zimepangwa foleni. Na namba za orodha zina jaribio ninalolipenda sana: nenda mwanzo wa mstari kwa Home, kisha sogea herufi moja moja. Kama orodha ni ya kweli, kishale hakiwezi kukanyaga namba, utaangukia herufi ya kwanza ya neno. Ukisikia "moja", "nukta", "nafasi", basi namba imechapwa kwa mkono, na siku kipengele kikiongezwa katikati kila kitu kitavurugika. Nafasi mbilimbili baina ya maneno sizisikilizi. Nazitafuta kwa amri ya Word ya kutafuta na kubadilisha, ni haraka zaidi.

Sasa mipaka yake. NVDA husoma kile ambacho Word inakitangaza, na kuna mambo ambayo macho huyaona tofauti. Safu mlalo ya jedwali iliyopewa kimo kisichobadilika inaweza kukata maneno nusu, huku mimi nikisomewa yote bila kasoro. Sasa kila jedwali nafungua sifa zake na kuhakikisha kimo hakikufungwa. Maneno meupe juu ya karatasi nyeupe yanasomwa kama mengine, isipokuwa umewasha rangi. Kijajuu na kijachini, yaani maneno ya juu na ya chini ya kila ukurasa, huvipiti unaposhuka kwa mishale, inabidi uviingie makusudi. Na picha inayoelea, hasa ile iliyopewa ruhusa ya kukaa juu ya maandishi, sina namna ya kuihakikisha kwa sikio, kwa hiyo picha zote naziweka ndani ya mstari. Wanaosema hiyo inapunguza urembo wana haki yao, mimi nataka waraka ninaoweza kuusimamia.

JAWS, kisoma skrini kingine ambacho kinalipiwa, inaizidi NVDA mahali pamoja: ina kichambuzi cha maandishi kinachokupeleka moja kwa moja kwenye kasoro kama vile fonti iliyobadilika, mabano yasiyofungwa au nafasi za ziada. Mwajiri wako akiwa tayari kuigharimia, chukua. Kwa NVDA lazima upite waraka mwenyewe kwa sikio. Binafsi sijaona hasara kubwa hapo, kwa kuwa ripoti nitaisoma yote hata hivyo.

Kwa waraka wa Kiswahili, sintesaiza ya eSpeak NG, yaani programu ya kutoa sauti inayokuja na NVDA, ina sauti ya Kiswahili. Ni ya kimashine, lakini ukiipandisha kasi haimezi herufi, na kwenye ukaguzi hilo ndilo ninalolihitaji.

Kama idara ya kompyuta hairuhusu kusakinisha programu, waombe ruhusa ya kutumia nakala ya kubebeka. Inakaa kwenye flashi, na unaweza kunakili mipangilio yako humo, wasifu wa ukaguzi ukiwemo.