Michezo ya kununua kwa klabu yako ya Second Life: ipi inaruhusiwa, ipi inavuta watu

Mwenye klabu ndani ya Second Life, ile dunia ya kubuni ya mtandaoni, akianza kutafuta mchezo wa usiku wa mada, macho yake huenda kwanza kwenye sura: sanduku la hazina linalong'aa kwa usiku wa maharamia, boga lenye meno, meza ya kamari iliyopambwa kizamani. Nimesimamia klabu humo muda wa kutosha kujua kwamba sura ndiyo ya kuangaliwa mwisho. Ukiwa umeuziwa kitu chenye ruhusa ya kurekebishwa, boga unaligeuza kuwa pipa la maharamia kwa nusu saa. Usichoweza kugeuza ni mkondo wa pesa ndani ya mchezo: nani anatoa, nani anapokea, na mshindi anapatikanaje. Mchezo unaruhusiwa au unakatazwa kwa hayo tu.

Second Life ilifunguliwa kwa umma mwaka 2003, na kwa miaka michache kasino zilikuwa kila kona. Julai 2007 kampuni inayoiendesha, Linden Lab, ikazifunga zote. Katazo lenyewe si gumu kulielewa. Mchezo umekatazwa pale mchezaji anapoweka dau, mshindi akapatikana kwa bahati nasibu au kwa matokeo ya mechi za dunia halisi, na malipo yakawa dola za Linden, yaani pesa za humo ndani, au kitu chochote chenye thamani ya kweli. Dau, bahati, malipo. Vikikutana vitatu hivyo, usinunue, hata kama muuzaji ameandika kwa herufi kubwa kwamba bidhaa yake ni halali. Ukiondoa dau, yaani mtu acheze bure kabisa na zawadi itoke mfukoni mwako, unaweza kulala usingizi.

Namba moja kwangu ni ubao wa chemsha bongo. Haina mpinzani kwa klabu ya mada, kwa sababu mada inakaa kwenye maswali yenyewe wala si kwenye rangi ya ubao. Leo maharamia, wiki ijayo anga za juu, na kitu ulichonunua ni kilekile. Dijei akibadilisha wimbo, swali linatokea, watu wanaandika majibu, mwenyeji anachekesha waliokosea. Hata waliosimama kimya pembeni kama sanamu huamka.

Lakini mbao za chemsha bongo hazilingani, na hapa ndipo inafaa kuchimba kabla ya kulipa. Uliza kwanza ubao unasikiliza wapi. Wa bei rahisi husikiliza chati ya wazi, ile kila mtu anayoiona. Shida ni mbili. Skripti, yaani programu ndogo iliyo ndani ya ubao, inalazimika kuchuja kila neno linalosemwa klabuni, na usiku ukijaa watu mzigo huo unaonekana: avata, yaani miili ya wachezaji kwenye skrini, zinakwama, dansi inaruka ruka. Tena jibu la wa kwanza linaonekana na wote, kwa hiyo wengine wanalinakili tu. Ubao mzuri una chaneli yake. Mtu anaandika alama ya mkwaju, namba ya chaneli, kisha jibu, na hakuna mwingine anayeliona.

Kumbuka pia kwamba maneno ya kawaida husikika umbali wa mita 20 tu, na ya kupiga kelele mita 100. Ubao uliowekwa mlangoni hautamsikia aliyeko upande wa pili wa ukumbi, naye atakulaumu wewe kwamba umempendelea mwingine.

La tatu ni maswali. Hakikisha unaweza kuandika ya kwako kwenye kadi ya maandishi ndani ya ubao. Na ukiyaandika, fupisha. Skripti husoma kadi mstari kwa mstari, na mstari ukizidi kipimo hukatwa bila onyo. Usiku wangu wa kwanza niliandika swali refu la kujionyesha, na ubao ukatangaza: "Ni nahodha gani aliyeondoka bandarini na meli tatu, akazunguka rasi, na baadaye". Basi. Watu waliendelea kubuni huyo nahodha kwa dakika kumi, na kusema kweli ikawa sehemu iliyochekesha kuliko zote.

Namba mbili ni msako wa vitu. Unanunua kifurushi cha vitu vidogo vya kuficha, kila kimoja kikitoa zawadi au dokezo la kingine. Mtu habahatishi, anatafuta, na halipi kitu. Faida yake kubwa ni kwamba unafanya kazi hata usipokuwepo, ilhali chemsha bongo hutaka mwenyeji aliye macho. Nunua kifurushi ambacho vitu vyake vinaruhusu kurekebishwa umbo, ili kitu cha kutafutwa kiwe sarafu usiku wa maharamia na nyota usiku mwingine. Vifurushi vingi huuzwa kitu kikiwa kinaweza kurekebishwa huku skripti ya ndani ikiwa imefungwa. Hilo halina neno, huhitaji kuigusa skripti.

Namba tatu, meza za kete na karata ambazo hazina pesa ndani yake kabisa. Watu hukaa, hurusha kete, huhesabu pointi, hutaniana. Kama hakuna anayelipa na hakuna anayelipwa, bahati ndani ya kete haina tatizo lolote. Nimeona klabu ambazo meza moja ya namna hii ilibakiza watu saa mbili baada ya muziki kuisha. Kasoro yake ni nafasi. Kila kiwanja kina ukomo wa vitu kinavyoweza kubeba. Ukomo huo hupimwa kwa uzito, ambao kila kitu hupewa wake. Kiwanja cha mita za mraba 1024 kwenye bara la Linden, yaani ardhi ya Linden Lab yenyewe, hubeba uzito wa 351 tu. Toa ukumbi, taa, jukwaa na mipira ya dansi, ile watu wanayobofya ili wacheze, uone kinachobaki. Muuzaji akiandika kwamba meza ina uzito wa 40, usiichukulie kama namba ndogo.

Ubao wa kupigia kura vazi bora nauweka wa nne, na hapo naona wengi watabishana nami kwa sababu karibu kila klabu inao. Unaruhusiwa bila wasiwasi iwapo zawadi inatoka kwa mwenye klabu na kushiriki ni bure. Ila kura huibiwa. Mtu mmoja anaweza kuwa na akaunti kadhaa, na rafiki zake nao wakaja dakika tano kabla ya kufunga, wakapiga kura, wakaondoka. Nunua ubao unaomruhusu mwenyeji kuweka muda wa mtu kuwa klabuni kabla ya kupiga kura. Usipoupata, afadhali mwenyeji achague mwenyewe na alaumiwe waziwazi.

Viti vya bahati na mbao za usiku wa manane ni za kuongezea tu. Kiti huonyesha herufi, na mwenye jina linaloanza na herufi hiyo anakikalia na kupata zawadi. Ubao huhitaji idadi fulani ya watu waugonge kabla ya saa sita usiku kwa saa za Second Life, ambazo ni za pwani ya magharibi ya Marekani, ndipo wote wapate. Ni bure kwa mchezaji, kwa hiyo hakuna dau. Vinaleta watu, ndiyo, lakini ni watu wa kuvizia zawadi, ambao husimama wamenuna mbele ya kiti hawachezi dansi.

Sasa michezo ya ustadi yenye pesa. Tangu 2014 Linden Lab imeweka kanuni maalumu: mchezo ambao mtu analipa dola za Linden kucheza, ustadi ndio unaoamua, na mshindi analipwa dola za Linden, unaruhusiwa tu kwenye maeneo yaliyotengwa kwa kazi hiyo. Mtengenezaji awe ameidhinishwa, mwendeshaji awe ameidhinishwa, kuna ada na karatasi za mwanasheria, na wachezaji wenyewe huchujwa kwa umri na mahali wanapoishi. Kwa klabu ya kawaida ya kukodi kiwanja, jibu ni hapana. Ukiona mashine kama hiyo inauzwa bei chee kwa ajili ya kuweka popote, muuzaji anakuuzia matatizo, na kitakachofungiwa ni kiwanja chako.

Mwisho kabisa, na hizi sizipangi namba: mipira ya pesa ambayo wageni hulipia kisha ikapasuka na kuwagawia bila mpangilio, na tikiti za bahati nasibu za kulipia. Dau lipo, bahati ipo, malipo yapo. Kwamba klabu ya jirani inao mpira huo na haijaguswa si hoja. Kama unaupenda ule msisimko wa kupasuka, nunua unaojazwa na mwenye klabu peke yake na unaokataa pesa za wageni, kisha ujaribu mwenyewe kuulipa kwa akaunti nyingine uone kama kweli unakataa. Mashine za gacha nazo, zile za kulipa bila kujua utapata nini, zilikatazwa mwaka 2021. Waliobaki kwenye biashara hiyo walihamia mashine zinazoonyesha kitu kinachofuata kabla hujalipa.

Mada nayo ina mtego wake. Mchezo uliopambwa na wahusika wa filamu maarufu huvutia, lakini kama aliyeutengeneza hana haki ya kuwatumia, mwenye haki akilalamika unaweza kufutwa pamoja na pesa yako. Maharamia wasio na jina, mizimu, sarakasi, anga za juu: hivyo havina mwenyewe.

Ukishachagua, soma ruhusa kabla ya bei. Ninachotafuta ni kinachoweza kunakiliwa na kurekebishwa. Cha kuhamishika sihitaji. Kisichonakilika kikirudishwa kimakosa na mwenye kiwanja au kikipotea eneo linapozimwa na kuwashwa, huna cha akiba. Bei yenyewe isikutishe wala kukudanganya. Dola moja ya Marekani hucheza karibu na dola 250 za Linden, kwa hiyo ubao wa L$1000 ni kama dola nne.

Kinachotakiwa kukutisha ni kile kidirisha kinachojitokeza unapoweka chini mchezo unaotoa zawadi za pesa. Kinaomba ruhusa ya kutoa pesa kwenye akaunti yako, na hakiweki kikomo cha kiasi. Skripti yenye kasoro, au yenye nia mbaya, inaweza kukausha salio lote wakati wewe umelala. Mchezo wa chemsha bongo unaogawa pointi tu hauna sababu ya kuonyesha kidirisha hicho. Ukionyesha, bonyeza kukataa na uurudishe kwa muuzaji. Unaogawa pesa kweli, umiliki kwa akaunti ya pili. Kuukabidhi kwa kikundi hakusaidii, kwa maana kitu kinachomilikiwa na kikundi hakiwezi kulipa mtu. Mimi nina akaunti moja isiyo na kazi nyingine. Imevaa nguo zilezile tangu siku ya kwanza, haina rafiki hata mmoja, na kila Ijumaa naiwekea L$500. Zikiisha, mchezo unanyamaza, na mwenyeji anatangaza kwamba hazina imekauka mpaka wiki ijayo.