Tairi la bei poa au lenye waranti? Hesabu ya Noah

Toyota Noah nyingi hutumia tairi la saizi 195/65R15. Dukani utawekewa mawili: la Kichina la bei poa, na la Kijapani lenye karatasi ya waranti. Tuseme la kwanza ni shilingi 150,000, la pili 260,000. Kwa manne, tofauti ni 440,000. Si hela ya soda.

Lakini gawa kwa kilomita. La kwanza likiisha kashata (ile mistari ya kukanyagia barabara) kwenye 30,000, kila kilomita imekula shilingi 5. La pili likifika 60,000, ni 4 na ushee. Lisipofika hata 52,000, umeliwa.

Waranti isome kabla ya kulipa. Kwa kawaida hufidia kosa la kiwandani tu. Pancha, mashimo ya barabarani na upepo pungufu ni juu yako. Fidia nayo hupungua kadiri kashata inavyolika, na risiti ikipotea usijisumbue kurudi.

La bei poa mara nyingi huja bila karatasi, basi soma ubavuni tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2324 ni wiki ya 23, mwaka 2024. Gari la safari ndefu na abiria saba, nalipia la Kijapani. La kupeleka watoto shule, la Kichina linanitosha, mradi lisiwe limezeekea stoo.