Wakili aliyetusimamia kesi ya wosia wa baba, Temeke

Niliahidi hii kesi ikiisha naandika, mana kipindi natafuta wakili wa mirathi hapa Dar nilihangaika sana na sikupata mtu wa kuniambia ukweli kuhusu hela na muda. Jina la wakili siweki, mwenyewe kaniomba, maadili ya kazi yao hayawaruhusu kujitangaza. Ni mama wa makamo, ofisi yake ndogo tu ghorofa ya pili maeneo ya Mnazi Mmoja, karani mmoja na feni moja.

Ishu yenyewe iko hivi. Baba alifariki akaacha nyumba Tandika, vyumba sita vya wapangaji na fremu mbili mbele. Watoto tupo watano, wa kiume watatu wa kike wawili, mama yetu alishatangulia ila mama mdogo mjane yupo. Arobaini imepita wiki tu, kaka yetu mkubwa, tumbo moja na mimi, akatoa karatasi imechapwa kwamba ni wosia na nyumba yote kaachiwa yeye, na chini kuna sahihi. Jamani baba yetu hakuwahi kuweka sahihi maisha yake yote, hata kwenye hati ya mauziano ya kiwanja, ile yenye mhuri wa serikali ya mtaa, kaweka dole gumba. Siku ile sikulala.

Kabla ya huyu mama nilipigwa. Kuna mtu nilikutana nae nje ya mahakama, suti safi, begi, anaongea vifungu utadhani kavila, akachukua laki mbili na nusu ati ya kuandika pingamizi, kesho yake simu haipatikani mpaka leo. Kumbe ni kishoka, wakili feki. Mahakama ina mfumo wa e-wakili mtandaoni, unaandika jina la mtu unaona kama ni wakili kweli na kama leseni yake iko hai, ni bure, na mimi nilijua hilo wakati hela imeshaenda. Tafadhali mfanye kabla hamjatoa hata shilingi.

Sasa huyu wakili. Siku ya kwanza nilikaa nae karibu masaa mawili, kanichaji laki moja ya ushauri na risiti ya EFD akatoa. Nilienda na hasira na ile hati ya dole gumba mkononi, nataka tuseme wosia umeghushiwa na kaka aende polisi. Akanisikiliza mpaka nikamaliza kulia, halafu akaanza kuniuliza maswali ambayo sikuona yanahusiana na nini, baba alifunga ndoa wapi, alikuwa anaswali, alizikwa vipi, kwao Kisarawe alikuwa anaenda kwenye mambo ya ukoo au la. Ndio akanielewesha kwamba mahakama kwanza inaangalia marehemu aliishije, hapo ndipo inajua mirathi iende kwa sheria ya Kiislamu, ya kimila, au ile ya zamani ya kurithi iliyotoka India ya 1865 ambayo bado inatumika huku kwetu. Baba alikuwa mtu wa msikitini kabisa kwahiyo ni Kiislamu.

Halafu akasema kitu ambacho ndicho kimenifanya niandike haya yote. Akasema dada yangu, ukisema wosia ni wa kughushi mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako na ni mzigo mzito kuliko kesi ya madai ya kawaida, mtaita wataalamu wa maandishi, mtatumia hela, na kaka yako mtamtia doa la jinai na bado mna mama mdogo na wadogo wenu wa kulea pamoja. Lakini hata tukikubali kwamba baba aliiandika yeye mwenyewe, kwa Uislamu mtu hausii mali kwa mrithi wake mpaka warithi wengine waridhie, na hata kwa asiye mrithi haizidi theluthi moja. Nyie mmeridhia? Nikasema hapana. Akasema basi tunaanzia hapo, dole gumba tunaliweka kama nyongeza. Nilinyamaza kabisa. Miezi yote nilikuwa napigana na sahihi kumbe njia ni nyingine na haina matusi.

Na hakunidanganya kuhusu fungu langu, hii nayo namheshimu. Niliuliza tutagawana sawa? Akasema hapana, mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike na mjane mwenye watoto wa marehemu anapata thumni, yaani moja ya nane, kama unataka kesi ya usawa sitakuahidi. Iliniuma ila nilijua mapema.

Kesi ilikuwa kule Temeke kituo jumuishi, kwenye Mahakama ya Mwanzo. Zamani mawakili hawakuruhusiwa kabisa Mahakama ya Mwanzo, sheria ikabadilishwa 2021 na ni pale tu anapokaa hakimu mkazi, kwahiyo alisimama nasi mwenyewe. Ilichukua mwaka na miezi miwili. Wosia ukakataliwa, na usimamizi tukapewa mimi na mdogo wangu wa kiume. Hapo pia alitukalisha chini akasema msimamizi sio mmiliki, ndani ya miezi minne mnarudisha orodha ya mali fomu namba 5 na hesabu fomu namba 6, msije mkafanya aliyotaka kufanya kaka yenu.

Nyumba hatukuuza. Kodi ni laki sita kwa mwezi, mama mdogo 75,000, sisi wa kike 65,625 kila mmoja, wa kiume 131,250 kila mmoja, kaka mkubwa akiwemo. Mwezi wa kwanza nilimtumia mgao wake kwa simu, akakaa siku mbili kimya, akajibu "nimepata mdogo wangu". Mwaka mzima alikuwa hajaniita hivyo.

Mapungufu yapo. Simu hapokei, unaongea na karani, na karani mara mbili alitupa tarehe ambayo sio, mara moja tumetoka Mbagala na mama mdogo na miguu yake mibovu tumefika kesi imeahirishwa tangu juzi. Nilimwambia wakili kwa ukali, akaomba radhi, ila haikuisha kabisa. Gharama jumla milioni moja na laki nane kwa mafungu manne, tuliandikiana mkataba mwanzoni na hakuongeza hata mia. Kwa wengine ni nyingi, najua, na ukiwa huna kabisa usikae nyumbani, kuna TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanasaidia bure wasio na uwezo.

Ukienda kwa wakili yeyote wa mirathi beba cheti cha kifo cha RITA, muhtasari wa kikao cha ukoo kama mmekaa, karatasi zote za nyumba hata zilizochakaa, na majina ya warithi wote, hata yule mnayegombana nae.