Nimeuza katuni zangu kwenye komikoni kubwa Nairobi nikitokea Kigoma, uzoefu wangu

Hii naiandika kwa wachoraji wenzangu wa Kigoma, Kasulu, Uvinza, Tabora na huko kote ambako ukisema unachora katuni unaulizwa sawa, ila kazi yako hasa ni ipi. Nimepanga meza kwenye komikoni kubwa Nairobi, nimeuza, na nimezunguka pia kama mtazamaji wa kawaida, sasa naanza na jibu lenyewe: inalipa, hasa kwa mtu mwenye kitabu chake mwenyewe chenye stori ya kwao. Kama mtazamaji nawapa nyota 5. Kama muuzaji nawapa 4, hiyo moja imeondoka kwa mambo ya ukumbini nitakayoyasema, ndo maana jina la tamasha sitaji.

Kwa ambaye hajawahi kufika, komikoni ni soko na sherehe kwa pamoja. Ukumbi mzima ni meza za wachoraji, wauza vitabu, posta na midoli, kuna jukwaa la mazungumzo, kuna kona ya gemu, halafu kuna vijana wa kosplei waliovaa kama wahusika wanaowapenda, tena mavazi wameshona wenyewe miezi na miezi. Ile maarufu ya San Diego kule Marekani ilianza 1970 kwenye hoteli na watu kama 300 tu, leo inapokea zaidi ya watu 130,000. Japani wana Comiket tangu 1975, hiyo ndo naipenda kuliko zote kwa sababu wanaouza pale wengi ni wachoraji wenyewe na vitabu walivyojichapishia kwa hela zao. Kwetu Afrika Lagos wana yao tangu 2012, Johannesburg tangu 2018, na Nairobi ndo iliyo karibu na sisi, mtu wa Kigoma anafika kwa basi.

Kitabu changu kinahusu meli yetu ya Liemba. Kila mtu Kigoma anaijua, nani asiye na ndugu aliyeipanda kwenda Kasanga au Mpulungu, lakini stori yake ya nyuma watoto wengi hawajaisikia yote. Wajerumani waliijenga kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, makasha kama 5,000, ikavuka bahari mpaka Dar, ikapanda treni, ikaja kuunganishwa hapa hapa Kigoma na kuingia majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916 vita vilipowazidi wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, ila kabla ya kuizamisha mafundi wakazipaka injini grisi nzito ili maji yasizile, wakiamini watarudi kuichukua. Hawakurudi. Waingereza wakaiibua 1924 na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Nimeichora kurasa 32, nyeusi na nyeupe, jalada la rangi. Kwa wanaoanza, kitabu cha kubana pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, ukienda na kurasa 30 fundi atakuachia mbili tupu mwishoni na utazilipia.

Safari sasa. Nilichapisha Mwanza, kwa hiyo nilitoka Kigoma na basi la alfajiri kupitia Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, Geita, na siku hizi lile daraja la Kigongo–Busisi la kilomita 3 limetuondolea ile adha ya kungoja kivuko. Nikachukua maboksi Mwanza, nikaenda Sirari, nikavuka Isebania, Migori, Kisii, Narok, Nairobi. Ni mbali, sitadanganya, miguu inavimba. Vitabu fungeni kwenye nailoni kabla ya kuweka kwenye boksi kwa sababu buti la basi linaingia vumbi na maji, na boksi liwe dogo ambalo unaweza kulibeba mwenyewe, maana boksi kubwa linakulazimu umlipe mtu kila mnapobadilisha gari.

Mpakani watu wengi wanaogopa bure. Kwa mzigo wa mfanyabiashara mdogo usiozidi thamani ya dola 2,000, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti cha uasili wa bidhaa kilichorahisishwa, unakijazia pale pale mpakani, sharti bidhaa iwe imetengenezwa kwenye nchi za jumuiya na iwe kwenye orodha waliyokubaliana. Nenda na risiti ya kiwanda cha uchapaji, inaonyesha vitabu vimechapwa wapi na kwa bei gani. Mimi walinifungulia boksi moja, afisa akasoma kurasa kama tatu amesimama, akaniuliza dada hii meli bado ipo? Nikamwambia ipo. Akagonga muhuri.

Sasa ukumbini. Meza niliilipia mapema kwa kuchangia na binti mmoja mchoraji wa Nairobi tuliyejuana mtandaoni, nusu kwa nusu, na hili nawashauri wote mnaotoka mbali. Gharama inapungua, mnashikiana zamu ya kwenda kula na chooni, na yeye anaijua lugha ya wateja wa kule. Tuliahidiwa soketi ya umeme, haikuwepo. Tuliahidiwa sehemu ya wachoraji itakuwa kwenye mwanga, tukawekwa upande wenye kivuli halafu spika za jukwaa zinapiga kuelekea kwetu, yaani muda wa mashindano ya kosplei mteja anauliza bei mara tatu na bado hujamsikia. Hii ya spika iliniuma kwa sababu mtu anayeuza kitabu anahitaji kuongea, stika inajiuza kwa macho ila kitabu lazima useme neno. Waandaaji tuliwafuata, walikuja kwa heshima, wakatuongezea taa moja, spika zikabaki. Nyota yangu iliyopungua iko hapo. Mengine yote, walinzi, usafi, mistari ya kuingia, vizuri kabisa, na vijana wa kujitolea waliokuwa wanatupitia na maji Mungu awabariki.

Kuhusu kuuza nataka niongee kwa kirefu kwa sababu hapa ndo nilijifunza mengi. Wateja asubuhi hawanunui. Wanazunguka, wanashika, wanaweka chini, wanasema nitarudi, na kweli wanarudi kuanzia saa 9 mchana wakishaona ukumbi wote na kujua hela yao inabakia ngapi. Kwa hiyo asubuhi usipunguze bei kwa woga. Mimi niliweka bei 400 ya Kenya, ambayo kwetu inakaribia elfu 8, na sikuishusha.

Halafu kuna ukurasa mmoja uliouza kitabu kizima. Ule wa grisi. Niliacha nakala moja wazi kwenye kistendi ikiwa kwenye ukurasa ambapo fundi wa Kijerumani yuko chini kwenye injini anapaka grisi kwa mikono yote miwili na mfanyakazi Mwafrika aliyeshika taa anamtazama, na kiputo cha maneno kinasema, "Bwana, mnaipaka mafuta ya nini, si mnaizamisha?" Basi. Mtu akipita anasoma hicho kiputo anasimama. Anaangalia juu, anauliza, sasa kwa nini wanaipaka? Nami nasema fungua ukurasa unaofuata. Nimewaangalia watu wazima wakisoma wamesimama mpaka mwisho huku umati unawasukuma, na wengi wao walilipa. Kama una kitabu, tafuta ukurasa wenye swali na uuache wazi, usiwaonyeshe ule wenye mchoro mzuri zaidi, waonyeshe ule unaowafanya watake unaofuata.

Lugha nilikuwa naiwazia sana. Kitabu ni Kiswahili chote na Nairobi vijana wanasoma sana Kiingereza. Ni kweli wapo waliouliza, "Mko na ya Kiingereza?" na wakaenda zao. Lakini waliobaki walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Mama mmoja alikuja na mwanae wa darasa la sita hivi, akasema huyu Kiswahili kinamshinda shule na vitabu vya shule havitaki, akamwambia soma kwa sauti hapa. Mtoto akasoma, akikwama namsaidia, alipofika kwenye meli kuzama hakutaka kuacha. Mwalimu mmoja wa sekondari akachukua nakala kadhaa za maktaba ya darasa lake. Kenya Kiswahili ni somo la lazima shuleni, wanafunzi ni mamilioni, na katuni za Kiswahili zenye stori ndefu pale ukumbini nilizoziona zilikuwa za kuhesabu. Jamani, hiyo ni nafasi yetu sisi! Gado mwenyewe ni mzaliwa wa Dar, akaenda Nairobi 1992 kuchorea gazeti la Nation na Afrika yote ikamjua, sioni kwa nini mtoto wa Ujiji au wa Urambo asifike.

Alikuja pia mzee mmoja Mtanzania anaishi huko miaka mingi. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akaona jina la Kigoma kwenye bango akasimama pale muda mrefu ananisimulia Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, na jarida la Sani na wahusika wake akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, jinsi nakala moja ilivyokuwa inasomwa na mtaa mzima mpaka inachanika. Alinunua viwili. Nilifurahi sana kwa sababu watu wanaongea kama katuni ni kitu cha Wajapani na Wamarekani tumekiiga juzi, wakati wazazi wetu walikuwa wanagombania gazeti.

Nirudi kwenye stika. Meza ya jirani ilikuwa na stika na posta za wahusika wa anime tupu, zile katuni za Kijapani, foleni haikuisha, bei 50, bei 100, hela inaingia kweli. Sina ugomvi nao, hata ile Comiket ya Japani imekua kwa kazi za mashabiki wanaochora wahusika wa wengine, na wapo wachoraji wazuri sana waliojifunzia hapo. Ila ukitoka Kigoma kwa nauli ile yote, mteja akinunua stika ya mhusika wa mtu mwingine hakumbuki aliuziwa na nani, na matamasha mengine yana kanuni kali kuhusu haki za wenyewe. Nilichofanya mimi ni stika zangu, Liemba na mitumbwi ya dagaa usiku na karabai zake, nikawa namwongezea anayenunua kitabu, na nyingine nauza peke yake kwa asiye na hela ya kitabu, wanafunzi hasa. Zile za karabai ziliisha kabla ya kitu kingine chochote.

Malipo, Nairobi karibu kila mtu analipa kwa simu. Nilisajili laini ya kule kwa pasipoti, nikaandika namba kubwa kwenye kadibodi, na kila mteja namsubiri mpaka meseji iingie kwangu ndo namkabidhi, msione aibu kufanya hivyo kwenye vurugu ile. Chenji kidogo uwe nayo kwa ajili ya watoto wanaokuja na noti waliyopewa na wazazi. Pauabenki ni lazima, narudia, hata kama mmeahidiwa umeme.

Kama mtazamaji ningeweza kukaa pale wiki. Kuna meza ya wachoraji wakongwe kidogo wanaangalia kazi za vijana bure, unakaa kwenye foleni na mkoba wako, nilionyeshwa kwamba vidirisha vyangu, yaani vile visanduku vya picha, vimejaa maneno na kwamba macho ya msomaji yanapata shida kujua aanzie wapi, na dada mmoja kati yao alichukua penseli akanichorea mpangilio mwingine pale pale. Hakunijua, hakuomba kitu. Mazungumzo ya jukwaani mengine yalikuwa ya kawaida tu, watu wanajitambulisha sana, lakini kile kipindi cha uchapaji, wanavyopanga bei ya kitabu na kugawana asilimia na wauzaji, kilikuwa na faida kuliko semina nyingi nilizowahi kukalia.

Hesabu ya jumla: nauli, meza, malazi kwa rafiki, chakula, vyote vimerudi na kimebaki cha juu, si kikubwa cha kujenga, ila cha kuchapisha toleo la pili kipo. Ambaye hana pa kulala Nairobi aweke hilo kwenye mahesabu kwanza kwa sababu malazi ndo yanaweza kula faida yote.

Nakala zilizobaki sikurudi nazo. Kuna duka la vitabu mjini waliokuja mezani jioni ya mwisho, wakachukua zote kwa mali kauli, tumeandikishana karatasi, wao asilimia 35 mimi 65, wanatuma kila mwisho wa mwezi, na mpaka sasa wametuma bila kukumbushwa. Juzi wameuliza kama kitabu kinachofuata kitakuwa tayari kabla shule hazijafunguliwa, nami niko kwenye ukurasa wa 11, hii ya sasa ni ya Gombe, hifadhi yetu ya sokwe. Anayetaka tuchangie meza tamasha lijalo awe na kitabu kilichokwisha, si mpango wa kitabu, aniambie mapema kwa sababu meza za wachoraji ndo zinaisha kabla ya tiketi za kuingia.