Nilienda kupima thairoidi (ile tezi ya shingoni) upya kwenye kliniki ya homoni Dar, haya ndo maoni yangu

Natoa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya foleni na lile kabati la mapokezi, nitalifikia. Jina la kliniki silitaji maana sijaja kumtangazia mtu biashara, nimekuja kwa ajili ya wanawake wenzangu wa hamsini na ushee, unaenda hospitali umechoka, nywele zinabaki kwenye kitana, choo kigumu, mwili unaongezeka na chakula ni kilekile, afu unarudishwa na karatasi inayosema vipimo viko sawa, mama hiyo ni menopozi tu, utazoea.

Na kinachochanganya ni kwamba kweli inaweza kuwa menopozi tu. Thairoidi ikilegea na hedhi ikiwa inaaga vinaingiliana sana, uchovu uleule, kusahau kulekule (unaingia jikoni unasimama hujui umefuata nini), usingizi hamna, uzito juu. Ila lile joto la ghafla na jasho la kulowesha kanga usiku mara nyingi ni la menopozi, thairoidi iliyolegea yenyewe inaleta baridi, na iliyozidisha kazi ndo inaleta joto na moyo kwenda mbio na kukonda. Mimi nilikuwa na vyote, mchana nimevaa sweta Dar hii hii mnayoijua, usiku nagombania feni na mzee.

Karatasi yangu ya zamani ilikuwa na kipimo kimoja tu, TSH (homoni inayoiamrisha thairoidi ifanye kazi) 2.9, na pembeni wameandika kawaida ni 0.4 hadi 4. Basi. Nikaambiwa safi.

Sasa kilichonifurahisha kwenye hii kliniki ni daktari. Dada mdogo tu, kaanza na shikamoo, kaweka simu yake chini akanigeukia. Akanipa glasi ya maji akasema mama piga funda, meza, huku ananiangalia shingo kwa upande, afu akapita nyuma yangu akashika koo taratibu kwa vidole akaniambia meza tena. Kisha akanipigisha magoti juu ya kiti miguu inaning'inia akagonga juu ya kisigino kwa kile kinyundo chao, anaangalia mguu unarudi haraka au unajivuta. Wangu ulijivuta. Miaka yote hiyo naenda hospitali hamna aliyewahi kunishika shingo, wanaangalia karatasi tu.

Afu maswali. Ulipojifungua uliwahi kuvuja damu nyingi sana? Maziwa yalitoka? Hedhi ilirudi? Nikashangaa, watoto wenyewe washaoa. Akanifafanulia vizuri nikaelewa: TSH haitoki kwenye shingo, inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, ndo msimamizi, na thairoidi ni fundi. Fundi akizembea msimamizi anapiga kelele, TSH inapanda. Ila kuna wanawake walivuja damu nyingi kwenye uzazi mpaka ile tezi ya chini ya ubongo ikaumia, hapo msimamizi mwenyewe mgonjwa, kelele zinasikika za kawaida na kazi haifanyiki. Ndo maana kwa mtu kama huyo TSH peke yake haitoshi, lazima apimwe na T4 huru, ile homoni inayotengenezwa na thairoidi yenyewe. Mimi sikuwa huko, ila kwa jinsi akina mama wa kwetu wanavyovuja damu kwenye uzazi, nadhani hilo swali lilitakiwa liulizwe kila mahali.

Kisha akauliza natumia vitamini gani. Nikatoa kopo kwenye mkoba, vile vidonge vya nywele, ngozi na kucha vinavyouzwa kila kona, biotini mikrogramu 10,000. Akacheka kidogo. Kumbe biotini nyingi inavuruga baadhi ya mashine za maabara, TSH inasomeka chini kuliko ilivyo na T4 inasomeka juu, kwa hiyo mtu ambaye thairoidi yake imelegea anaweza kutoka kwenye karatasi yuko mzima kabisa. Hata FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu hili mwaka 2017. Yaani nywele zinakatika, unanunua dawa ya nywele, na dawa ya nywele ndo inaficha kinachokata nywele. Sijawahi kuona sehemu ya kutolea damu wamebandika tangazo la hili, na hizo biotini nusu ya wanawake ninaowajua wanazo.

Akanisimamishia vidonge wiki nzima (akasema wengi zinawatosha siku mbili ila dozi yangu ilikuwa kubwa), nikarudi asubuhi mapema kwa sababu TSH asubuhi iko juu, kadiri mchana unavyoenda inashuka, na ukitaka kulinganisha vipimo upime muda uleule na maabara ileile. Majibu: TSH 7.4, T4 huru imo ndani ya kiwango ila huku chini chini, na kipimo cha kinga, anti-TPO, kimepaa. Maana yake kinga ya mwili inashambulia tezi yenyewe, wanaita Hashimoto, jina la daktari Mjapani aliyeuandika ugonjwa huo mwaka 1912.

Nilitegemea natoka na mfuko wa dawa, wapi! Akasema kwa namba hizi si kila mtu anaanzishiwa, wengi huanzishiwa TSH ikipita 10, turudie baada ya miezi michache. Tuliporudia ilikuwa bado juu na mimi bado hoi, tukakubaliana dozi ndogo ya levothairoksini (homoni ya thairoidi ya kidonge), mikrogramu 25, nameza baada ya swala ya alfajiri kwa maji matupu, chai inasubiri kama saa nzima, na vidonge vya kalsiamu navipeleka usiku maana vinazuia dawa isiingie mwilini. Choo kimefunguka, sweta nimeliacha. Joto la usiku liko palepale, na daktari alishasema mapema kwamba hilo ni la menopozi na lina matibabu yake.

Na sio kwamba wanamkuta kila mtu na thairoidi ili wauze. Shoga yangu tulienda naye, dalili karibu zilezile, yeye shingo safi, vipimo safi, biotini hatumii, kumbe hedhi yake ya mwishomwisho ilikuwa inatoka nyingi mno na akiba ya madini ya chuma imeisha. Kapewa vidonge vya chuma kaambiwa thairoidi aisahau.

Haya, mabaya yake. Foleni ni balaa, unaandikiwa saa mbili unaonwa saa tano. Mapokezi wanakusukumia pakeji kubwa ya homoni yenye vipimo lundo, daktari mwenyewe akaniambia nusu yake sina haja navyo, ikabidi nirudi dirishani kubishana wavifute. Na lile kabati sasa: limejaa makopo ya kubalansi homoni, jeli ya mwani, kelpu (nayo aina ya mwani), wakati chumba cha pili daktari anakukataza hayo hayo, maana mwani una madini joto kwa kiwango usichokijua na yakizidi yanaweza kuichafua zaidi thairoidi yenye Hashimoto, na chumvi yetu ya dukani tayari imetiwa madini joto. Muafaka wao sijauelewa, labda kabati ni la mwenye jengo.

Bei imechangamka kidogo, na bima yangu iligoma kulipa anti-TPO nikalipa taslimu. Ukienda beba karatasi zako zote za zamani pamoja na makopo ya kila unachomeza, mwone daktari kwanza ndo uende dirishani, na omba nakala ya majibu yenye namba, wasikuandikie neno "sawa" peke yake.